Ray Dandridge: Je, Alistahili Namba?

Majuma mawili yaliyopita niligusia kwa kupita tu habari za mchezaji mmoja wa Marekani ambaye alitajwa kuwa bora wa ligi nzima, lakini timu ya juu iliyommiliki haikumwita hata siku moja. Sikutarajia barua nyingi kiasi hiki. Msikilizaji mmoja wa Magomeni anasema mzee huyo alidhulumiwa mchana kweupe na hakuna la kujadili. Mwingine, wa Mwenge, ambaye anasema amewahi kufundisha timu ya mtaa, anauliza kwa ukali: kocha ana kijana wa miaka 24 anayefanya kazi yake sawasawa, amtoe ampe namba mzee wa miaka 36 kwa sababu ipi?

Maswali yote mawili yana haki, na leo tuyapime.

Mchezo wenyewe ni besiboli, ambao hapa kwetu hauna mashabiki wengi. Kwa asiyeujua, mtu mmoja huvurumisha mpira mdogo mgumu, mwenzake huupiga kwa gongo, kisha hutimua mbio kupita vituo vitatu mpaka arudi alipoanzia. Wapinzani wanalinda vituo hivyo wasimpitishe. Mlinzi wa kituo cha tatu husimama karibu na mpigaji, na mpira unaomjia huja kama risasi inayotambaa ardhini. Hana muda wa kufikiri. Aidha mkono wake unajua kazi, au mpira umeshapita.

Nafasi hiyo ndiyo aliyoicheza Ray Dandridge, aliyezaliwa mwaka 1913 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Alikuwa mfupi, kifua kipana, na miguu yake ilikuwa ya matege hasa. Wenzake walimtania kwamba treni ingeweza kupita katikati ya miguu ile, lakini mpira wa besiboli, thubutu! Waliomwona akicheza, weusi kwa weupe, walikuwa wakimweka miongoni mwa walinzi bora kabisa wa kituo hicho.

Sasa sikilizeni mahali aliposimama. Mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza katika Ligi Kuu za Marekani. Hakukuwa na kifungu cha sheria kilichosema hivyo. Yalikuwa mapatano ya wakubwa wa klabu ambayo hayakuandikwa popote na ambayo kila mtu aliyajua. Weusi wakaunda ligi zao. Dandridge aliingia mwaka 1933, na baadaye akawa na Newark Eagles, klabu ya Abe Manley na mkewe Effa. Bibi Effa Manley alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli, mwaka 2006, na yeye peke yake anastahili kipindi kizima. Mwaka 1937 Newark ilikuwa na walinzi wanne wa vituo: Mule Suttles, Dick Seay, Willie Wells na Dandridge. Watu waliwaita walinzi wa dola milioni, wakimaanisha kwamba hiyo ndiyo ingekuwa bei yao laiti wangekuwa weupe. Watatu kati ya wanne hao wamo leo katika Jumba la Mashujaa.

Mwaka 1937 Dandridge alitimiza miaka 24. Nawaomba mkumbuke umri huo, nitaurudia.

Maslahi ya ligi za weusi yalikuwa madogo na safari zake ndefu, usiku kucha ndani ya basi, kwa sababu hoteli nyingi hazikuwapokea. Basi alipoitwa Mexico, akaenda. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1940 alicheza huko, akiwa kipenzi cha tajiri mmoja aliyeitwa Jorge Pasquel, mtu aliyekuwa na fedha za kutosha kuwavuta hata wachezaji weupe kutoka Ligi Kuu. Wachezaji weusi waliopita Mexico wamesimulia kwamba walilala hoteli yoyote na kula mgahawa wowote. Jambo dogo, labda, kwa mtu ambaye hajawahi kuzuiwa mlangoni.

Kisha ukaja mwaka 1947. Jackie Robinson akavaa jezi ya Brooklyn Dodgers na ukuta ukapata ufa. Hapa lazima niseme jambo ambalo msikilizaji wangu wa Magomeni hatalipenda. Dandridge mwenyewe alisimulia kwamba mwaka ule Bill Veeck, mwenye klabu ya Cleveland, alimpigia simu akimtaka. Dandridge akauliza kuhusu malipo ya awali. Hayakuwepo. Akamfikiria Pasquel aliyemtunza vizuri miaka yote, akawafikiria mke na watoto, akakataa. Alikuwa na miaka 33. Je, tumlaumu? Mimi siwezi. Mtu aliyefungiwa mlango miaka 14 akaambiwa ghafla aingie, tena bila hata nauli, ana haki ya kuuliza chakula cha watoto kitatoka wapi. Lakini haki haiondoi ukweli kwamba mlango ulifunguliwa kidogo na yeye hakuingia.

Mwaka 1949 klabu ya New York Giants ilimsajili na kumpeleka Minneapolis, timu yake ya ligi ya chini, mahali pa kuwapima vijana kabla ya kupandishwa. Kijana huyu alikuwa anakaribia miaka 36. Akashika gongo, na katika msimu wake wa kwanza alifanikiwa kupiga zaidi ya mara 36 katika kila majaribio 100. Kwa wasiojua, mchezaji akifikisha mara 30 katika 100 huhesabiwa mtu wa kutisha. Mwaka 1950 alifikisha mara 31, Minneapolis ikamaliza msimu kileleni, na yeye akatangazwa mchezaji bora wa ligi nzima ile. Mchezaji bora wa ligi, wasikilizaji. Kwa kawaida kijana akipata tuzo hiyo, msimu ujao humkuti tena huko chini.

Msimu uliofuata walimkuta palepale.

Sasa tuje kwa kocha wetu wa Mwenge. Mwisho wa mwaka 1949 Giants walimtoa Sid Gordon katika mabadilishano ya wachezaji, aliyekuwa mlinzi wao wa kituo cha tatu. Nafasi ikawa wazi. Waliyemweka ni Hank Thompson, naye pia mweusi, mwenye miaka 24. Thompson msimu wa 1950 alipiga mara karibu 29 katika 100, na mara 20 aliupeleka mpira nje ya uzio, ambayo ni zaidi ya Dandridge aliyefanya hivyo mara 11 katika ligi ya chini. Nasema wazi: mwaka 1950 kumtoa Thompson kumpisha Dandridge lingekuwa kosa. Kocha Leo Durocher alikuwa sahihi, na mwenzake wa Mwenge yuko sahihi.

Mwaka 1951 hesabu inageuka. Thompson alishuka vibaya, msimu mzima akaishia mara 23 na kitu katika 100. Dandridge huko Minneapolis, akielekea miaka 38, alikuwa anapiga mara 32. Mikono ilikuwa ileile. Ningekuwa Durocher katika majira yale ya kuchipua, kituo cha tatu ningempa mzee. Kuhusu umri, nawakumbusha Satchel Paige, mrushaji mpira, ambaye Cleveland ilimpandisha mwaka 1948 akiwa na miaka 42, na mwaka huohuo Cleveland ikawa bingwa. Kwa hiyo sababu ya uzee, ingawa ni ya kweli, haikuwa sheria. Ilitumika ilipotakiwa.

Nini basi kilichomzuia? Wengi wamezungumza juu ya idadi, yaani kwamba klabu zilizokwisha kuwapokea weusi zilihesabu wangapi wanatosha kuonekana uwanjani kwa wakati mmoja. Hakuna karatasi iliyowahi kutolewa yenye idadi hiyo, nami sitawaambia kwamba ipo. Ila angalieni tukio la Mei 1951. Minneapolis ilikuwa na kijana wa miaka 20 anayepiga mara 47 katika 100, na Dandridge alikuwa kama mlezi wake pale kambini. Kijana yuko sinema katika mji wa Sioux City, akaitwa: nenda New York. Alikuwa Willie Mays. Na ili Mays apate nafasi miongoni mwa wachezaji 25, aliyeteremshwa ni Artie Wilson, mlinzi mwingine wa ndani, hodari, aliyekuwa amepewa majaribio 22 tu ya kupiga tangu msimu uanze. Mweusi mmoja akapanda, mweusi mmoja akashuka. Huenda ilikuwa sadfa. Wilson alikuwa hajapiga vizuri katika majaribio hayo 22, ni kweli. Wilson hakurudi Ligi Kuu maisha yake yote.

Kuhusu Mays hakuna mwenye akili atakayesema asingeitwa. Msimu ule Giants walitwaa ubingwa wa ligi yao. Ninachojiuliza ni kwa nini gari lililompeleka halikuwa na nafasi ya watu wawili.

Na kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko namba yenyewe. Mkataba wa siku zile ulimfunga mchezaji kwa klabu yake. Hakuweza kuondoka mkataba ulipokwisha. Ama klabu imuuze, ama akae. Ligi Kuu zilikuwa na timu 16. Zilizokuwa zimewahi kumchezesha mtu mweusi kufikia msimu wa 1950 zilikuwa tano tu. Kati ya 16 hizo zilikuwepo timu mbovu, zilizomaliza mkiani, ambazo mchezaji bora wa ligi ya Minneapolis angezisaidia kesho yake asubuhi. Giants hawakumchezesha, wala hawakumwachia aende kwingine. Kwa nini? Kwa sababu Minneapolis ilimhitaji. Alijaza viwanja, alishinda mechi, na aliwalea vijana. Ubora wake ndio uliomfunga. Mfanyakazi wa aina hii mnamjua: yule karani ambaye kila mkubwa anasema ofisi haiwezi kwenda bila yeye, na ndiyo maana hapandishwi cheo.

Tena kila Septemba kanuni ziliruhusu timu za juu kuongeza wachezaji zaidi ya wale 25. Hakuna ambaye angepoteza nafasi. Septemba ya 1949, ya 1950, ya 1951 na ya 1952 zilipita. Dandridge alisema baadaye kwamba hakuwa akidai makubwa, kwamba angeridhika na hata siku moja tu ya kukanyaga uwanja wa Ligi Kuu. Namba ya kudumu tunaweza kubishana mpaka alfajiri. Siku moja tutabishana nini?

Kwa hiyo jibu langu, msikilizaji wa Mwenge, ni hili: mwaka 1950 kwa Giants, hapana. Mwaka 1951, ndiyo. Katika timu nyingine, ndiyo, miaka yote mitatu. Na kwako wa Magomeni: dhuluma unayoisema ipo, lakini umeitafuta mahali padogo. Niliwaomba mkumbuke umri wa miaka 24. Thompson alipewa kituo cha tatu akiwa na umri huo. Dandridge alipokuwa na umri huohuo, akiwa mmoja wa walinzi wa dola milioni, hakuna kocha wa Ligi Kuu aliyeruhusiwa hata kumwita kwenye mazoezi. Ubishi wa Minneapolis ni ubishi wa mabaki ya mchezaji. Mchezaji mwenyewe alikuwa Newark, akilala ndani ya basi.

Baada ya 1952 akaenda ligi ya pwani ya magharibi, kisha akamalizia Bismarck, Dakota Kaskazini, mwaka 1955. Alifanya kazi ya kutafuta vipaji kwa ajili ya Giants wale wale, akauza baa, akasimamia kituo cha michezo cha vijana mjini Newark. Mwaka 1987 kamati ya wakongwe ikampitisha kuingia Jumba la Mashujaa huko Cooperstown. Alikuwa na miaka 73, na katika shukrani zake aliwauliza waliomchagua kwa nini walichelewa namna ile. Alifariki Februari 1994.

Kuna la mwisho, ambalo baadhi yenu huenda hamkulisikia. Desemba 2020 wakuu wa besiboli ya Marekani walitangaza kwamba zile ligi za weusi za kuanzia 1920 hadi 1948 zihesabiwe kuwa Ligi Kuu, na mwaka 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi katika kumbukumbu. Maana yake misimu ya Newark sasa inahesabika, na vitabu vinamtaja Ray Dandridge kama mchezaji wa Ligi Kuu tangu ujana wake. Kaburini alikuwa ameshakaa miaka 26.

Tukutane tena juma lijalo, wakati kama huu.