Ripoti za hitilafu na mapendekezo ya Python

Ripoti za hitilafu na mapendekezo ya Python ni njia mbili zinazotumika kuomba mabadiliko katika lugha ya programu Python. Ripoti ya hitilafu hueleza kwamba lugha haifanyi kile ambacho nyaraka zake zinasema. Pendekezo huomba lugha ifanye jambo ambalo haijawahi kuahidi. Mapendekezo makubwa huandikwa katika hati maalumu ziitwazo PEP. Kila PEP hupewa namba na kuhifadhiwa hadharani, hata ikikataliwa.

Python ni programu huria, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kusoma msimbo wake, kuunakili na kuubadilisha. Hata hivyo, si kila mtu anaweza kubadilisha toleo rasmi ambalo watumiaji wengine hulipakua. Taratibu za ripoti na mapendekezo ndizo zinazoamua nani ana haki ya kusema ndiyo au hapana. Mzigo wa kusema neno hilo la mwisho ulimfanya mwanzilishi wa lugha, Guido van Rossum, kuacha uongozi mwaka 2018.

Historia

Van Rossum, mwanaprogramu kutoka Uholanzi, alianza kuandika Python mwishoni mwa mwaka 1989 akiwa mfanyakazi wa taasisi ya utafiti CWI mjini Amsterdam. Toleo la kwanza la hadharani, 0.9.0, lilitoka Februari 1991. Katika miaka ya mwanzo watumiaji walikuwa wachache, na mtu aliyetaka mabadiliko alimwandikia mwanzilishi moja kwa moja au alishiriki katika mijadala ya watumiaji. Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa Van Rossum, ambaye wenzake walimpa jina la utani la "dikteta mwema wa maisha".

Watumiaji walipoongezeka, hoja zilezile zilirudiwa mara nyingi, na sababu za maamuzi ya zamani zilisahauliwa. Mwaka 2000 ulianzishwa utaratibu wa PEP. Hati ya kwanza, PEP 1, inaeleza utaratibu wenyewe; Barry Warsaw ni mmoja wa waandishi wake. PEP 8, inayohusu mtindo wa kuandika msimbo, na PEP 20, yenye kanuni fupi za falsafa ya Python zilizoandikwa na Tim Peters, zimekuwa maarufu hata kwa watu ambao hawajawahi kushiriki katika kuiunda lugha.

Ripoti za hitilafu nazo zimehama makao mara kadhaa. Hadi mwaka 2007 zilihifadhiwa katika tovuti ya SourceForge, kisha zikahamishiwa katika mfumo wa mradi wenyewe uliotumia programu ya Roundup. Msimbo wa Python ulihamia GitHub Februari 2017, na ripoti za hitilafu zikafuata Aprili 2022. Uhamisho huo wa pili nao ulipendekezwa na kujadiliwa kupitia PEP.

Ripoti ya hitilafu

Ripoti nzuri humwezesha mtu mwingine kuona tatizo kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kwa kawaida huwa na mambo yafuatayo:

* toleo la Python na mfumo endeshi unaotumika;
* msimbo mfupi iwezekanavyo unaoonyesha tatizo;
* matokeo yaliyotarajiwa;
* matokeo yaliyopatikana, pamoja na ujumbe kamili wa kosa.

Ripoti ikipokelewa, wasanidi huikagua, huipa lebo na kuangalia kama tatizo limewahi kuripotiwa. Marekebisho yakiandikwa, huambatana na jaribio linalothibitisha kwamba hitilafu imeondoka, ili isirudi kimyakimya katika matoleo yajayo.

Ripoti zinazohusu usalama hufuata njia tofauti. Hutumwa kwa siri kwa kikundi maalumu na hutangazwa baada ya marekebisho kuwa tayari, kwa sababu kutangaza udhaifu mapema kungewasaidia wavamizi.

Hitilafu au tabia

Ripoti nyingi hufungwa bila mabadiliko yoyote kwa sababu jambo lililoripotiwa si hitilafu. Mfano unaojulikana sana ni kujumlisha 0.1 na 0.2. Python hutoa jibu 0.30000000000000004. Sababu ni kwamba kompyuta huhifadhi namba hizo katika mfumo wa jozi, ambamo 0.1 haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu, kama vile theluthi moja isivyoweza kuandikwa kwa ukamilifu katika desimali. Lugha nyingine nyingi hutoa jibu hilohilo.

Mfano mwingine ni amri ya kukadiria namba. Katika Python 3, round(2.5) hutoa 2 na round(3.5) hutoa 4, kwa kuwa namba iliyo katikati kabisa hukadiriwa kuelekea namba shufwa. Mtu aliyefundishwa shuleni kwamba nusu hupandishwa juu anaweza kuona hilo ni kosa, lakini nyaraka za lugha zinalieleza waziwazi.

Mpaka huu una matokeo ya moja kwa moja. Hitilafu inaweza kurekebishwa hata katika matoleo madogo ya lugha. Kipengele kipya hakiingizwi katika toleo lililokwisha kutolewa. Tangu Python 3.9 toleo jipya la kila mwaka hutoka mwezi Oktoba, na likifikia hatua ya kwanza ya beta mlango wa vipengele vipya hufungwa. Kwa hiyo ombi lililoitwa pendekezo badala ya hitilafu linaweza kusubiri zaidi ya mwaka mmoja.

Wakati mwingine mpaka wenyewe huleta ubishi. Septemba 2022 matoleo kadhaa, likiwemo 3.10.7, yaliwekewa kikomo cha tarakimu 4300 katika kubadilisha maandishi ya desimali kuwa namba kamili na kinyume chake. Ubadilishaji wa namba ndefu mno ulichukua muda mwingi, na mvamizi angeweza kuutumia kulemaza seva. Tatizo lilisajiliwa kwa namba CVE-2020-10735. Kwa upande wa usalama, hayo yalikuwa marekebisho ya hitilafu. Kwa watu waliofanya hesabu za namba kubwa sana, programu zilizokuwa zikifanya kazi zilianza kutoa kosa baada ya kusasisha toleo dogo. Kikomo hicho kinaweza kubadilishwa au kuondolewa na mtumiaji mwenyewe.

Hatua za PEP

Wazo dogo, kama kuongeza chaguo katika amri iliyopo, linaweza kujadiliwa katika ukurasa wa ripoti tu. PEP huhitajika pale ambapo sintaksia ya lugha inabadilika au uamuzi unagusa watumiaji wengi. Zipo aina tatu: PEP za viwango, zinazobadilisha lugha au maktaba yake, PEP za taarifa, na PEP za utaratibu, zinazohusu namna mradi unavyoendeshwa.

Mwandishi huanza kwa kupima wazo lake katika mjadala wa hadharani. Kama si msanidi mkuu, hutafuta msanidi mkuu wa kumdhamini. Wahariri huipa hati namba, kisha rasimu hujadiliwa na kurekebishwa. Hati hueleza tatizo, suluhisho, namna programu za zamani zitakavyoathirika, na namna jambo jipya litakavyofundishwa. Ina pia sehemu ya mawazo yaliyokataliwa. Mwandishi anatakiwa kuandika hoja za wanaompinga pamoja na zake mwenyewe.

Mwishoni PEP hukubaliwa, hukataliwa, huahirishwa au huondolewa na mwandishi wake. Iliyokubaliwa hufikia hali ya mwisho pale msimbo wake unapokamilika na kuingizwa. Iliyokataliwa hubaki katika kumbukumbu ili anayekuja baadaye na wazo hilohilo asianze upya.

Mifano ya mapendekezo

PEP 308 ya mwaka 2003 iliomba njia ya kuandika sharti ndani ya usemi mmoja. Watumiaji walipiga kura juu ya miundo mingi, lakini hakuna uliopata ushindi wa wazi. Van Rossum aliamua mwenyewe mwaka 2005, na muundo aliouchagua uliingia katika Python 2.5 mwaka 2006.

PEP 3103 iliandikwa na Van Rossum mwenyewe mwaka 2006. Ilipendekeza amri ya kuchagua tawi moja kati ya mengi, kama zilivyo amri za namna hiyo katika lugha ya C. Alipowauliza wahudhuriaji wa mkutano wa PyCon mwaka 2007, aliona kwamba haina wafuasi, akaikataa mwenyewe. Wazo linalokaribiana nalo, lakini lenye uwezo mkubwa zaidi, lilirudi katika PEP 634 na likaingia katika Python 3.10 mwaka 2021.

PEP 703 iliandikwa na Sam Gross mwaka 2023. Iliomba kufuli ya ndani ijulikanayo kama GIL iwe ya hiari. Kufuli hiyo huzuia nyuzi mbili za programu moja kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja, hata kompyuta ikiwa na vichakato vingi. Kuiondoa kulihatarisha kasi ya programu za kawaida na maktaba zilizoandikwa kwa lugha ya C. Pendekezo lilikubaliwa kwa sharti la kutekelezwa hatua kwa hatua, na kwa uwezekano wa kurudi nyuma. Lilianza kama jaribio katika Python 3.13 mwaka 2024.

Mgogoro wa PEP 572

Februari 2018 Chris Angelico alianzisha PEP 572, na baadaye Tim Peters na Van Rossum waliorodheshwa pia kuwa waandishi. Ilipendekeza alama :=, inayoipa kigeugeu thamani na papo hapo kuitumia thamani hiyo ndani ya usemi uleule. Waliounga mkono walisema inapunguza marudio katika msimbo. Waliopinga walisema inaongeza njia ya pili ya kufanya jambo lililokwisha kuwa na njia yake, na kwamba msimbo utakuwa mgumu kusomwa na wanafunzi.

Mjadala ulikuwa mrefu na mkali. Van Rossum aliikubali PEP hiyo, na tarehe 12 Julai 2018 alitangaza kwamba anajiondoa katika nafasi ya uamuzi wa mwisho. Alieleza kwamba hakutaka tena kupigania pendekezo kwa nguvu kiasi kile, na kisha kukuta watu wengi wakiyadharau maamuzi yake. Hakumteua mrithi. Aliwaachia wasanidi wakuu jukumu la kuamua wataongozwa vipi. Alama yenyewe ilianza kutumika katika Python 3.8, iliyotolewa Oktoba 2019.

Miaka tisa kabla ya hapo, tarehe 1 Aprili 2009, ilitolewa PEP 401 iliyotangaza kustaafu kwa Van Rossum. Hiyo ilikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga.

Baraza la uongozi

Wasanidi wakuu walitumia utaratibu wa PEP kutafuta uongozi mpya. Mapendekezo saba, kuanzia PEP 8010 hadi PEP 8016, yalipigiwa kura Desemba 2018. Yalikuwemo ya kumpata kiongozi mmoja mwingine, na ya kuunda mabaraza ya aina mbalimbali. Iliyoshinda ni PEP 8016, iliyoandikwa na Nathaniel Smith na Donald Stufft.

Chini ya mfumo huo, baraza la watu watano huchaguliwa na wasanidi wakuu baada ya kila toleo kubwa. Wajumbe wasiozidi wawili wanaweza kutoka kwa mwajiri mmoja, ili kampuni moja isiitawale lugha. Wasanidi wakuu wanaweza pia kuliondoa baraza kwa kura ya theluthi mbili. Baraza la kwanza lilichaguliwa mwanzoni mwa mwaka 2019, na Van Rossum alikuwa mmoja wa wajumbe wake, safari hii akiwa na kura moja kati ya tano.

Kazi ya kujitolea

Wasanidi wengi wa Python hufanya kazi hii kwa kujitolea. Ripoti huandikwa haraka kuliko zinavyoweza kukaguliwa, na baadhi hukaa miaka bila jibu. Aliyeripoti anaweza kuhisi amepuuzwa, ilhali upande wa pili hakuna mtu anayelipwa kumjibu. Ili kupunguza tatizo hilo, Python Software Foundation ilimwajiri Łukasz Langa mwaka 2021 kuwa msanidi mkazi wa kwanza, ambaye miongoni mwa kazi zake ni kupitia ripoti na mabadiliko yaliyosubiri.

Katika lugha nyingine

Lugha nyingi huria zina taratibu zinazofanana na PEP. Rust hutumia hati ziitwazo RFC tangu mwaka 2014. PHP pia hutumia RFC, lakini huziamua kwa kura, na pendekezo huhitaji theluthi mbili ili lipite. Mradi wa OpenJDK wa lugha ya Java hutumia hati ziitwazo JEP. Mwaka 2019 waundaji wa Go waliacha pendekezo lao la kurahisisha ushughulikiaji wa makosa, baada ya kupingwa na watumiaji wengi.

Tazama pia

* Python (lugha ya programu)
* Lugha ya programu
* Programu huria