Kuhama, Kuhamia na Kulowea: Picha za Serikali ya Australia na Wahamiaji wa Baada ya Vita

Mwezi Julai 1945, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, serikali ya Australia iliunda Idara ya Uhamiaji chini ya Waziri Arthur Calwell. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni saba tu, na viongozi wake waliamini kwamba bila watu wengi zaidi isingeweza kujilinda wala kujenga viwanda. Wapiga picha wa serikali walitumwa bandarini, kambini, viwandani na majumbani kuandika kwa kamera historia ya wageni hao. Picha hizo, ambazo leo zimo katika Nyaraka za Taifa za Australia, zinastahili kusomwa kama matini: zina msemaji, zina hadhira na zina yale zinayoyanyamazia.

Hadhira yake ilikuwa mbili. Wenyeji walipaswa kushawishika kwamba wageni hawakuwa tishio. Wazungu waliobaki Ulaya walipaswa kuvutiwa waje. Tarehe 28 Novemba 1947 meli ya General Stuart Heintzelman ilitia nanga Fremantle ikiwa na zaidi ya watu 800 kutoka Estonia, Latvia na Lithuania. Walikuwa wamechaguliwa kwa makusudi: vijana, wenye afya, wengi wao wasio na familia. Aidha, mwaka 1955 alipotangazwa mhamiaji wa milioni moja, aliyechaguliwa kuwa sura ya tukio hilo alikuwa bibi arusi kijana kutoka Yorkshire, Uingereza.

Picha zilikwenda sambamba na msamiati. Serikali ilihimiza wageni waitwe "Waaustralia Wapya", jina lililotaja waendako na kufuta watokako. Hapa sarufi ya Kiswahili inatoa mwanga. Kitenzi *hama* humtazama mtu akiacha mahali. Kikinyambuliwa kuwa *hamia*, jicho hugeukia mahali anapofika. Ndiyo maana *mhamaji* na *mhamiaji* si mtu mmoja. *Mkimbizi* hubeba jambo lililomkimbiza, na *mlowezi*, kutokana na *lowea*, ni yule aliyekwisha kuzoea na kukaa. Kamera ya serikali ilianzia kwenye *hamia* na kuharakia *lowea*: ngazi ya meli, kisha nyumba mpya na bustani yake. *Kimbia* na *hama* hazikupigwa picha.

Mfano mmoja unaigusa Afrika Mashariki. Mwezi Februari 1950 meli ya General W. C. Langfitt iliwafikisha Fremantle Wapoland zaidi ya 1,100 waliopandia Mombasa. Watu hao hawakutoka Ulaya moja kwa moja. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti miaka ya 1940 na 1941, wakapitia Iran, kisha wakaishi miaka kadhaa katika kambi kama Tengeru karibu na Arusha, na Masindi na Koja nchini Uganda. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Kwa mtoto aliyekulia chini ya Mlima Meru, ngazi ya meli pale Fremantle haikuwa mwanzo wa safari bali kituo kimoja zaidi. Na makaburi ya Tengeru yapo hadi leo kuwakumbusha wasomaji wale ambao hawakuifikia ngazi hiyo.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa wakimbizi wa Ulaya jembe lilitangulia ukaribisho, kwani walifungwa na mkataba wa kufanya kazi yoyote waliyopangiwa kwa miaka miwili. Madaktari na wahandisi walijikuta vibarua, na waume walitenganishwa na wake zao waliobaki kambini. Katika kambi ya Bonegilla, iliyopokea zaidi ya watu 300,000 kati ya 1947 na 1971, kulizuka ghasia mwaka 1952 na tena 1961 kwa sababu ya ukosefu wa kazi. Tabasamu za picha za serikali hazisimulii hayo.

Ukimya mkubwa zaidi ni wa nyuso zisizokuwamo. Sheria ya 1901 ilimruhusu ofisa kumpa msafiri mtihani wa imla katika lugha yoyote ya Ulaya, hata asiyoijua. Lugha ikawa kufuli la mlango. Mtihani huo ulifutwa 1958, na masalia ya sera ya Australia ya Weupe yaliondolewa 1973. Mwaka 1949, huku wakimbizi wa Ulaya wakilakiwa kwa kamera, Bunge lilipitisha sheria ya kuwaondoa wakimbizi wa wakati wa vita, wengi wao Waasia. Neno *mkimbizi* lilikuwa moja. Hatima zilikuwa mbili.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba picha hizo ni uongo. Wajukuu huwatambua bibi na babu zao humo, na furaha ya aliyepata paa baada ya miaka ya kambi ilikuwa ya kweli. Lililo muhimu kwa mwanafunzi wa lugha na historia ni kuuliza, mbele ya kila picha ya mgeni anayefika, ni kitenzi kipi kimetajwa na kipi kimeachwa.