Pakiti Moja Haitoshi: Hoja kuhusu Changizo za Hedhi Salama Mkoani Singida

Ikisiri

Makala haya yanajadili shughuli za kijamii zinazochangisha fedha kwa ajili ya hedhi salama ya wanafunzi wa kike, kama vile mbio za hisani, mabonanza ya mpira, harambee na kampeni za redio na televisheni. Hoja yake ni kwamba shughuli hizo zipimwe kwa mambo matatu zaidi ya idadi ya pakiti zinazogawiwa: kama zimevunja ukimya, kama zimeacha choo chenye maji, na kama jamii imesomewa hesabu yake. Mfano unaotumika ni mkoa wa Singida.

Utangulizi

Tangu mwaka 2014, kila Mei 28 huadhimishwa Siku ya Hedhi Salama Duniani, iliyoanzishwa na shirika la WASH United la Ujerumani. Nchini Tanzania, msimu huo umezoeleka kuwa wa kuchangia taulo za kike. Watu hukimbia, hucheza mpira, hula chakula cha hisani, na mwisho wake maboksi hufikishwa shuleni. Kampeni ya Namthamini ya East Africa Television na East Africa Radio imewaalika Watanzania wa kawaida kuchangia taulo ili mwanafunzi asikose masomo. Moyo huo unastahili heshima. Lakini wasomi na waandaaji wana wajibu wa kuuliza swali gumu: maboksi yakishafunguliwa, kinabaki nini?

Hesabu ya pakiti

Tuchukue shule yenye wasichana 200 waliokwisha kuvunja ungo. Tukikadiria pakiti moja kwa kila msichana kila mwezi, kwa bei ya shilingi 2,000, miezi 10 ya masomo inahitaji shilingi milioni 4. Bonanza linalompa kila msichana pakiti moja limegharamia sehemu moja ya kumi ya mwaka. Kwa makadirio hayo, msichana mmoja anahitaji shilingi 20,000 kwa mwaka, wakati ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa chini ya mpango wa elimu bila malipo ulioanza Januari 2016 ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na fedha hiyo ina kazi nyingine nyingi. Pengo hili haliwezi kuzibwa kwa shughuli ya siku moja, hata ikifana namna gani.

Njia ya kodi nayo ilijaribiwa. Bajeti ya mwaka 2018/19 iliziondolea taulo za kike kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka uliofuata msamaha huo ulifutwa, serikali ikieleza kwamba bei haikumshukia mlaji. Kenya ilikwenda mbali zaidi: iliondoa kodi hiyo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikaweka katika sheria ya elimu wajibu wa serikali kuwapa wanafunzi taulo bila malipo. Funzo la Tanzania ni la moja kwa moja. Nafuu isiyofuatiliwa huishia njiani, iwe imetoka Hazina au imetoka kwenye bakuli la mchango.

Utafiti unasemaje

Waandaaji wengi hujenga hoja yao juu ya mahudhurio: mpe taulo, atakuja shule. Ushahidi una sura zaidi ya moja. Nchini Nepal, Emily Oster na Rebecca Thornton walichapisha mwaka 2011 matokeo yanayoonyesha kwamba vikombe vya hedhi havikubadili mahudhurio kwa kiasi cha maana, ingawa wasichana walivipenda na vilipunguza muda wa kufua. Nchini Uganda, Paul Montgomery na wenzake walifanya utafiti katika shule 8 za wilaya ya Kamuli. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kuwa mahudhurio yalikuwa bora zaidi katika shule zilizopata taulo za kufua, elimu ya balehe, au vyote viwili, kuliko katika shule ambazo hazikupata kitu. Jambo la kuzingatia ni kwamba elimu peke yake nayo ilisaidia.

Hatuhitaji kumtetea binti kwa rejista ya mahudhurio pekee. Msichana anayekaa darasani akiwa amebana miguu, akiogopa kuitwa ubaoni, amehesabiwa kuwa yupo. Hoja ya utu inatosha. Hata hivyo, utafiti wa Kamuli unatuelekeza mahali ambapo shughuli ya hadhara ina nguvu kuliko duka la dawa: katika kusema na kufundisha.

Ukimya na gharama yake Singida

Singida ina sababu yake ya kuuogopa ukimya kuhusu mwili wa mwanamke. Kuanzia miaka ya 1970, miongoni mwa Wanyaturu wa Singida na majirani zao Wagogo, ilienea imani kwamba maambukizi ya sehemu za siri na njia ya mkojo kwa watoto wa kike, yaliyoitwa lawalawa, hutibiwa kwa ukeketaji. Maradhi ambayo kinga yake ni maji na usafi, na tiba yake ipo zahanati, yakageuzwa kuwa sababu ya kumkata mtoto. Baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 kuharamisha ukeketaji kwa walio chini ya miaka 18, familia nyingine ziliuhamishia kwa watoto wachanga, mbali na macho ya watu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 31 ya wanawake wa Singida wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 20. Upungufu huo unatia moyo, na huenda haukuletwa na sheria peke yake. Watu walianza kuyasema hadharani yaliyokuwa ya chumbani.

Ndiyo maana bonanza la mpira katika kijiji cha wilaya ya Ikungi au Mkalama lina thamani ambayo boksi la taulo halina. Huwakusanya wanaume. Katika kaya nyingi fedha ya mazao hupita mikononi mwa baba, na binti hathubutu kumtajia hitaji lake. Baba aliyemsikia muuguzi akilieleza jambo hili uwanjani, mbele ya wenzake, hawezi tena kusema hakujua. Kaka yake binti naye hujifunza kwamba doa kwenye sketi si jambo la kuchekwa.

Msimu, choo na hesabu

Ubunifu wa kweli utoke katika maisha ya mahali. Singida ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, na ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa alizeti. Mei 28 huangukia wakati wa mavuno. Badala ya kumchangisha mwanakijiji fedha taslimu, mchango unaweza kuwa debe la alizeti kwa kaya, likakamuliwa kwenye kiwanda cha jirani, mafuta yakauzwa kwa mnada siku ya bonanza na mashudu yakauzwa kwa wafugaji. Mchango wa namna hii humruhusu hata asiye na shilingi kushiriki kama mtoaji.

Fedha hiyo ianze na choo. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20, na taulo za kufua, ambazo hutumika tena na tena, hazina maana pasipo maji, sabuni na mahali pa kuzianika juani. Wananchi wa Singida wamezoea kuinua maboma ya madarasa kwa nguvu zao na kuiachia serikali kuyamalizia. Utaratibu huohuo unaweza kutumika kwa choo chenye chumba cha kubadilishia, tangi la maji ya mvua na kichomea taka. Taulo za akiba zikae kwa mwalimu wa kike, binti azipate bila kupigwa picha akipokea. Picha ya mfadhili akimkabidhi mtoto pakiti humtangaza mfadhili na kumfedhehesha mtoto; ikomeshwe.

Hatimaye, hesabu isomwe. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Mapato na matumizi ya changizo la hedhi salama yawe kipengele cha ajenda hiyo, yatamkwe kwa jina lake, kama yanavyotamkwa ya zahanati na ya barabara.

Hitimisho

Changizo za hedhi salama zisiachwe; zibadilishwe. Waandaaji, kabla ya kutangaza idadi ya pakiti mwaka huu, ulizeni kwanza kama shule mnayoiendea ina maji, kama wanaume wamealikwa, na kama kijiji kitasomewa hesabu. Jibu likiwa hapana, anzeni hapo.