Mbwa wa Msafara wa Mwaka 1874

Siku ya tarehe 17 Novemba, mwaka 1874, msafara wa Henry Morton Stanley ulitoka Bagamoyo ukashika njia ya bara. Jumla ya watu wake ilikuwa 356, na pamoja nao walikwenda mbwa watano waliotoka Uingereza. Waandishi wa historia wamesema mengi juu ya mashua iliyochukuliwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi, na juu ya maziwa makubwa iliyoyazunguka. Mbwa wamepewa mstari mmoja au miwili, tena kwa mzaha. Mimi naona habari yao yastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake mna swali ambalo kila afugaye mnyama katika nchi za joto hana budi kulijibu: je, mapenzi peke yake yatosha?

Maana mbwa wale walipendwa. Hilo halina shaka. Mkubwa wao, Castor, alikuwa wa aina ya mastifi, mbwa mzito mwenye kifua kipana na kichwa kikubwa, na alikuwa zawadi ya Baroness Burdett-Coutts, bibi tajiri aliyejulikana katika Uingereza kwa kuwatetea wanyama. Mwenzake wa aina ile ile aliitwa Captain. Watatu waliosalia, Nero, Jack na Bull, hawakuwa na nasaba ya kujivunia: walinunuliwa katika nyumba ya Battersea, mjini London, ambamo mbwa waliopotea mitaani huokotwa na kutunzwa. Wote watano waliondoka Uingereza katika mwezi wa Agosti wakafika Unguja mwishoni mwa Septemba.

Basi asubuhi ile walitoka mjini jua likiwa limekwisha panda. Novemba katika pwani ni wakati wa maleleji: kusi imekwisha, kaskazi haijatulia, hewa husimama, na mvuke wa bahari humganda mtu mwilini kama nguo mbichi. Walipita katika bonde la mto Kingani, ambao wengine huuita Ruvu, wakavuka, wakapanda kuelekea Kikoka. Njiani wapagazi walianza kulegea, wengine wakaketi chini ya mizigo yao. Walipofika Kikoka, Castor alikata roho kabla ya saa mbili kupita. Captain naye alikuwa taabani. Zawadi ya bibi mkubwa haikumaliza hata siku moja ya safari.

Sababu yake si fumbo. Mbwa hana jasho kama letu, isipokuwa kidogo katika nyayo zake. Hujipoza kwa kutweta: hutoa ulimi nje, akavuta pumzi za haraka, na mate yakaukapo huondoa joto la damu. Lakini mate hayakauki upesi penye hewa iliyokwisha shiba maji, na hiyo ndiyo hewa ya pwani. Hapo mbwa huweza kutweta mpaka akachoka asipate nafuu, na kazi yenyewe ya kutweta ikamzidishia joto. Joto la kawaida la mwili wake ni kiasi cha digrii 38 hadi 39 za sentigredi. Likipita 41 maisha yake yamo hatarini. Mbwa mwenye mwili mzito hupungukiwa zaidi kuliko mwembamba. Yamfaayo ni kivuli, upepo na maji, ya kunywa na ya kumwagiwa mwilini. Na yafaayo kuliko hayo ni kutomwendesha kabisa saa ile.

Nasema saa ile kwa kuwa jambo hili lilikuwa likijulikana Bagamoyo na kila mtu. Wapagazi wa njia ya Unyamwezi walizoea kufunga mizigo alfajiri na kutua kabla ya adhuhuri. Richard Burton, aliyepita njia hiyo tangu mwaka 1857, aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake, na wasafiri waliokuja baadaye walikisoma. Elimu haikukosekana, iliyokosekana ni kuifuata siku ya kwanza, ambayo kwa kawaida hupotea katika kuhesabu watu, kugawa mizigo na kuagana.

Ng'ambo ya maji, katika Unguja, ilikuwako hekima nyingine ya namna hiyo hiyo. Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake, zilizochapwa mwaka 1886, jinsi ua wa jumba lile ulivyojaa paa, tausi, heroe na mbuni wakitembea watakavyo. Ua ulikuwa mpana, na bahari ilikuwa karibu ikileta upepo. Hakuna aliyewafunga kamba juani. Na paka wa miji yetu ya pwani, ambao hawana hata bwana, hufanya vivyo hivyo kwa akili zao wenyewe: asubuhi utawakuta upande huu wa kichochoro, jioni upande wa pili, wakikifuata kivuli cha ukuta kinavyohama.

Sipendi kulaumu joto kwa kila kifo. Katika safari yake ya mwaka 1871 Stanley alipoteza farasi wawili huko Kingaru kwa muda mfupi, na mmoja wao alikuwa zawadi ya Sultani Barghash. Alipopasuliwa tumbo lake lilionekana limejaa minyoo. Mara nyingi anayeona mnyama ameanguka juani hulitaja jua na kuishia hapo.

Tena kuna jambo linalovuruga hesabu yangu. Siku hizi buldogi huhesabiwa miongoni mwa mbwa wasiofaa kabisa kwa nchi za joto, kwa ajili ya pua yake fupi inayozuia pumzi. Lakini Bull, buldogi wa Battersea, alikwenda kwa miguu yake mpaka mwaka 1876, kiasi cha maili 1,500, ndipo akafa kwa uchovu. Jawabu moja ni kwamba buldogi wa karne ile alikuwa na pua ndefu kuliko wa leo, ambaye wafugaji wamemfupisha uso kwa ajili ya maonyesho. Jawabu la pili ni kwamba baada ya Kikoka msafara ulijifunza kuondoka mapema.

Kifo cha Castor kiliandikwa, kwa jina lake na mahali pake. Vijana watatu wa Kiingereza waliofuatana na Stanley walikufa wote kabla ya safari kwisha, nao majina yao yameandikwa: Edward Pocock, Frederick Barker na Frank Pocock. Msafara ulipotokea Boma, karibu na bahari ya magharibi, katika Agosti 1877, waliobaki walikuwa kiasi cha theluthi moja ya wale 356. Katika wapagazi walioketi chini ya mizigo yao njiani kwenda Kikoka, chini ya jua lile lile, wako ambao majina yao sikuyaona mahali popote.