Jipu la ini

Jipu la ini ni usaha uliojikusanya ndani ya ini. Kwa kawaida husababishwa na bakteria au na amiba aitwaye *Entamoeba histolytica*. Dalili hufanana mno: homa, kutetemeka, maumivu chini ya mbavu za kulia. Ultrasaundi huonyesha jipu lilipo, lakini mara nyingi haitoshi kumtambua mhusika.

Amiba huingia kwa maji au chakula chenye kinyesi, hutoboa ukuta wa utumbo mpana, kisha husafiri na damu hadi kwenye ini. Huwapata zaidi wanaume wa umri wa miaka 20 hadi 40, na aghalabu jipu huwa moja, upande wa kulia. Wengi hawakumbuki kuhara, na choo chao kikipimwa huenda amiba asionekane; kipimo cha damu cha kingamwili ndicho cha kutegemewa zaidi. Usaha wa jipu hili ni wa rangi ya kahawia, hauna harufu.

Jipu la bakteria huwapata zaidi wazee na wenye kisukari, na chanzo chake mara nyingi ni njia ya nyongo iliyoziba. Majipu yanaweza kuwa kadhaa, yenye usaha wa manjano unaonuka. Tiba yake ni antibiotiki kwa wiki kadhaa, pamoja na kunyonya usaha.

La amiba hutibiwa kwa metronidazoli, kwa kawaida bila kutobolewa. Hata mgonjwa akipata nafuu, sharti apewe pia paromomaisini au dawa nyingine ya kuua amiba waliobaki utumboni.