Kutoka Mbiu Hadi Simu ya Mkononi: Desturi za Kupashana Habari Katika Pwani Yetu

Kila jamii ya watu ina njia zake za kupashana habari, na njia hizo ni sehemu ya utamaduni wake kama zilivyo ngoma, vyakula na mavazi. Aghalabu tunapoandika juu ya utamaduni wa Taifa letu huzungumzia nyimbo, methali na sanaa za mikono, tukasahau kwamba hata namna ya kumwita jirani, ya kupeleka tanzia, au ya kusubiri jibu, ni mambo yaliyofundishwa na kurithiwa. Katika insha hii tutajaribu kueleza historia ya jambo hilo katika sehemu moja ya Mkoa wa Pwani, yaani Visiga na nchi inayoizunguka ya Kibaha na Kisarawe. Kisha tutazame tatizo ambalo walimu na wazazi wanalilalamikia sana siku hizi: vijana, na hata watu wazima, wanaoshinda wameinamia simu zao wakisoma na kujibu ujumbe mmoja baada ya mwingine hata kazi ikalala.

Tumeichagua Visiga kwa sababu ipo njiani. Kata hiyo iko kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, kati ya Maili Moja na Mlandizi, katika nchi ya Wazaramo na Wakwere. Upande wa kaskazini kuna Bagamoyo, iliyokuwa mwisho wa njia za misafara ya bara. Upande wa mashariki kuna Dar es Salaam. Na reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, inapita Soga na Ruvu katika Wilaya hiyo hiyo ya Kibaha. Watu wa nchi hii, basi, wameziona habari za kila namna zikipita mbele ya nyumba zao.

Mbiu, mjumbe na hodi

Hapo zamani habari ya watu wote ilitangazwa kwa mbiu. Pembe ilipopigwa kila mtu alijua kwamba kuna jambo, na ndiyo maana wahenga wakasema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hiyo ina maana kubwa kuliko tunavyodhani. Haisemi tu kwamba mbiu huleta habari. Inasema pia kwamba mbiu hailii ovyo. Mtu aliyeipiga bila ya sababu angeulizwa na wazee, na angeaibika. Kwa hiyo sauti ile ilipewa heshima, na watu waliacha majembe yao wakaenda kusikiliza.

Habari ya mtu mmoja au ya ukoo ilipelekwa na mjumbe. Mjumbe hakuwa mtu yeyote aliyeokotwa njiani. Alichaguliwa kwa akili yake na kwa ulimi wake, hasa kama habari yenyewe ilikuwa ya msiba au ya posa. Alipofika hakuropoka. Alipiga hodi, akasubiri. Asipoitikiwa alirudia, na akipiga hodi ya tatu bila ya kuitikiwa aliondoka, kwa kuwa mwenye nyumba ana haki ya kutofungua mlango wake. Akikaribishwa alikaa, akaamkia, akaulizwa habari za alikotoka, kisha ndipo alipotoa aliyotumwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande wa Bagamoyo na mwenye asili ya Kizaramo, aliyefundisha Kiswahili huko Berlin tangu mwaka 1900, aliandika habari nyingi za desturi za watu wa pwani zilizochapishwa mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Mambo ya maamkizi na adabu yalipewa nafasi yake humo, maana watu wa wakati ule waliyahesabu kuwa ni elimu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wazee wetu hawakujua kupeleka habari kwa haraka na kwa siri. Kabla ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, habari za Kinjikitile wa Ngarambe zilienea katika nchi ya Wamatumbi kwa kunong'onezwa kutoka mtu hadi mtu. Mnong'ono huo wenyewe waliupa jina la njwiywila. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na nyaya za simu na askari, lakini haikuusikia mpaka mambo yalipokwisha kuiva. Katika miezi iliyofuata vita hivyo vilifika hata sehemu za kusini za Uzaramo. Tunajifunza hapa kwamba uzito wa ujumbe hautokani na chombo peke yake. Unatokana pia na jambo lililobebwa, na uaminifu wa wale wanaolibeba.

Mdundiko na chungu kilichoungua

Je, wazee wetu hawakupotezewa wakati? Walipotezewa sana. Kila mtu aliyekulia Uzaramo anaijua ngoma ya mdundiko. Ngoma hii haichezwi mahali pamoja, hutembea. Hutoka kwenye nyumba yenye harusi au yenye mwali, ikapita njiani, na kila ipitapo watu hutoka majumbani wakaifuata. Mama aliyekuwa akipika huacha chungu mekoni akisema atarudi sasa hivi. Mtoto aliyetumwa chumvi husahau alikotumwa. Hadithi za chungu kilichoungua na za watoto waliopotea kwa kuufuata mdundiko zimesimuliwa tangu zamani, na wasimuliaji hucheka wanapozisimulia.

Tunautaja mdundiko kwa makusudi. Wako watu wasemao kwamba kuvutwa na mambo ya kupita ni maradhi mapya yaliyoletwa na simu. Si kweli. Binadamu ni yule yule, na masikio yake hupenda kilicho kipya. Lakini mdundiko ulikuwa na siku yake. Ulikuja, ukapita, ukaisha, na aliyeufuata alirudi nyumbani kwa miguu yake akakuta chungu kimeungua, akajua thamani ya alichopoteza. Zaidi ya hayo aliufuata pamoja na wenzake, akajua ni harusi ya nani na mwali ni wa nani. Haya mawili, yaani mwisho wa jambo na ushirika wa watu, ndiyo tutakayoyatumia kupimia mambo ya leo.

Waya, barua na redio

Katika karne ya 19 pwani yetu iliunganishwa na dunia kwa waya. Unguja ilifungwa waya wa chini ya bahari kutoka Aden mwaka 1879, na mwaka 1890 waya mwingine ukaziunganisha Bagamoyo na Dar es Salaam na Unguja. Neno simu lenyewe asili yake ni Kiajemi na maana yake ya kwanza ni waya. Hivyo wazee walipotaja simu, kwanza walikusudia ujumbe mfupi wa maandishi uliopita katika waya, kabla ya sauti ya mtu. Simu ile ililipiwa kwa hesabu ya maneno, na kwa hiyo watu walijifunza kuyakata: baba mgonjwa njoo. Kwa kuwa ilikuwa ghali, haikupelekwa ila kwa jambo zito, na watu wengi walianza kulia walipomwona mpeleka simu mlangoni, hata kabla ya kuisoma.

Barua ilikuwa na tabia nyingine. Ilianza kwa salamu ndefu, ikauliza hali ya kila mtu, ndipo ikafika kwenye ama baada ya salamu. Mwandishi alikaa akafikiri, kwa sababu alijua kwamba jibu litachukua majuma. Mpokeaji naye aliisoma mbele ya jamaa, mara nyingi kwa msaada wa mtoto wa shule. Barua moja ilikuwa mali ya nyumba nzima.

Kisha ikaja redio. Matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na baada ya Uhuru redio ikawa chombo cha Taifa. Vijana wa miaka ile walipenda sana vipindi vya salamu. Walinunua kadi, wakaandika orodha ndefu za majina, wakasubiri kusikia majina yao yakisomwa. Wazee walinung'unika kwamba redio inawaharibu watoto, kama wanavyonung'unika leo juu ya simu. Lakini redio hiyo hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi nchini kote, wakasikiliza kipindi kwa saa iliyopangwa, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Chombo kilikuwa kile kile kilichosoma salamu. Kilichobadilika ni utaratibu.

Vijijini, mkutano uliitishwa na balozi wa nyumba kumi, au kwa kugonga kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Huo nao ulikuwa ni mbiu kwa sura nyingine, na haukugongwa bila ya sababu.

Simu ya mkononi

Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ya mkononi duniani ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba, 1992, na ulikuwa wa kutakiana heri ya Krismasi. Hapa kwetu simu za mkononi ziliingia katikati ya miaka ya 1990, zikiwa mali ya matajiri wachache. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimefika kwa wakulima wa mihogo na wauza machungwa wa barabarani. Kwa kuwa ujumbe mmoja haukuweza kuzidi herufi 160, na kila mmoja ulilipiwa, vijana waliyakata maneno kama wazee wao walivyoyakata katika simu ya waya: sijui ikawa cjui, tupo ikawa 2po. Asiye na fedha alibipu, yaani alipiga simu akakata kabla haijapokelewa, na mwenzake akajua ni nani na anataka nini. Tukio lile la kubipu lilikuwa lugha kamili isiyo na neno hata moja.

Mwaka 2009 mambo mawili yalitokea. Waya mpya wa chini ya bahari, unaopitisha habari kwa mwanga, ulifika Dar es Salaam. Na huko Marekani ikaanzishwa programu ya WhatsApp. Gharama ya ujumbe mmoja ikawa kama hakuna. Mwishoni mwa mwaka 2020 laini za simu zilizotumika nchini zilikuwa zimezidi milioni 50. Leo ukoo una kundi lake, darasa lina kundi lake, kamati ya harusi ina kundi lake, na mtu mmoja huweza kuwa katika makundi 20.

Faida zake hatuwezi kuzikana. Mgonjwa wa Visiga huchangiwa na jamaa walio Mwanza na Muscat katika muda wa saa moja. Mwalimu hupata mtihani wa mwenzake bila ya kupanda basi. Lakini tukiipima simu kwa vipimo vyetu viwili tunaona upungufu. Kwanza, mdundiko wake hauishi. Hupita mlangoni usiku na mchana, na hakuna siku ya kurudi nyumbani. Pili, kila mtu anaufuata peke yake: watu watano huketi barazani na kila mmoja yuko katika ngoma nyingine.

Liko jambo la tatu. Mwaka 2014 WhatsApp ilianza kuonyesha alama mbili za buluu ili mpelekaji ajue kwamba ujumbe wake umesomwa. Zamani kimya cha mwenye nyumba kilikuwa haki yake. Pengine amelala, pengine anaswali. Sasa kimya kimekuwa kosa. Mtu humlaumu rafiki yake kwa dakika kumi za kutojibu, na kijana anayesoma hukatiza somo kwa kuogopa lawama. Hodi ya tatu imefutwa.

Hasara kubwa kuliko zote ni ile ya mbiu. Sisi wenyewe tulipata kuketi katika matanga huko Visiga, tukamwona mpwa wa marehemu akifika siku ya pili, mazishi yamekwisha. Hakuwa mbali; alikuwa Dar es Salaam. Tanzia ilipelekwa katika kundi la ukoo alfajiri, lakini katikati ya picha za kuchekesha, salamu za asubuhi na mabishano ya mpira, naye alizipitia zote kwa kidole bila ya kuiona. Simu yake ilikuwa mkononi siku nzima. Hakuna aliyemgombeza. Mjomba wake mmoja aliuliza tu, kwa nini hakutumwa mtu. Tangu siku ile ukoo huo umeweka kundi la pili ambalo haliruhusiwi kuandikwa ila tanzia na ugonjwa, na mzee mmoja amekabidhiwa kazi ya kumpigia kila mkuu wa nyumba kwa sauti.

Tunaona kwamba hapo watu wa Visiga wamefanya kama walivyofanya wahenga: wameirudisha mbiu mahali pake na mjumbe mahali pake, wakitumia chombo kipya. Shule nyingi za nchi yetu huwakataza wanafunzi kuwa na simu shuleni, na amri hiyo ina maana yake. Lakini mwanafunzi atamaliza Kidato cha Nne, na simu atakuwa nayo. Asipofundishwa adabu ya ujumbe, amri itakuwa imemchelewesha tu. Inafaa basi walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wao kuuliza jinsi habari ya msiba ilivyopelekwa, nani alitumwa, na alisema nini alipofika mlangoni. Kisha darasa zima lijadili ni ujumbe upi unaostahili kumkatiza mtu kazi yake, na upi unaoweza kungoja jioni. Majibu yatatofautiana, na mabishano hayo yenyewe yatakuwa somo zuri, kwa kuwa vijana watajifunza tena kusubiri mwenzao amalize kusema.