HABARI ZA KAHAWA YETU NA MAJINA YALIYOMO DAFTARINI



Sisi tukaao hapa Dallas, mjini Embu, wengi wetu tumetoka katika mashamba ya kahawa ya Embu na Meru, na karo tuliyosomea ilitokana na kahawa. Kwa hiyo twaona yafaa, katika ripoti hii ya mwaka, kueleza kwa ufupi habari za zao hilo na za jamaa zilizolilima.

Zamani za ukoloni masetla walipanda kahawa, nao Waafrika wa Kenya wakazuiwa. Ilisemwa ya kwamba mashamba yetu yangeeneza magonjwa, na ya kwamba wizi ungezidi. Sababu nyingine haikutajwa sana barazani: mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kuchuma ya mwingine kwa mshahara. Wakati huo, ng'ambo ya mpaka, Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha wakulima tangu mwaka 1925. Mwaka 1933 Serikali ilikubali kufanya majaribio katika wilaya tatu zilizokuwa mbali na mashamba ya masetla, yaani Kisii, Embu na Meru. Wakulima walikuwa wachache, na masharti yalikuwa makali. Baada ya mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 kahawa ilienea upesi, na vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikakusanywa, vikapimwa na kuandikishwa.

Katika kuandikisha huko, ardhi kwa kawaida iliandikwa kwa jina la baba, na namba ya mwanachama katika chama cha ushirika vivyo hivyo. Lakini kazi ilikuwa ya nyumba nzima. Baba alichimba mashimo na kupogoa matawi. Mama alipalilia na kutandaza nyasi shinani. Watoto walichuma matunda mekundu, moja moja, wakiyaacha mabichi. Yapata kilo 6 au 7 za matunda ndizo zitoazo kilo 1 ya kahawa safi. Mzigo ulifikishwa kiwandani siku ile ile, mara nyingi mgongoni mwa mama, ukapimwa na kuandikwa kwa jina moja tu.

Miaka ya neema ilikuwapo. Jalidi ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda sana, na nyumba nyingi za mabati zilijengwa. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna zaidi ya tani 120,000. Lakini Julai 1989 mapatano ya mataifa juu ya kugawana soko yalivunjika, bei ikaanguka, na mavuno ya miaka hii ya karibuni hayafikii nusu ya hayo.

Hasara ya bei twaijua sote. Iko hasara nyingine isiyotajwa. Mjane mmoja tumjuaye alichuma kahawa ya mumewe zaidi ya miaka 30. Mzee alipofariki, mama yule alikwenda kuuliza malipo ya msimu, akaambiwa jina lake halimo. Kila kilo iliyoandikwa mle ilikuwa imepita mikononi mwake. Sisi tuliomwandikia barua tuliona haya kumsomea majibu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yamtambua mjane, na yahesabu mabinti sawa na wavulana. Lakini wengi huijua baada ya mazishi. Basi twawasihi wazee wetu, wangali hai na wenye nguvu, wawaite wake na watoto, waseme mbele yao ni nani atakayelima na ni nani atakayelipwa, kisha majina yapelekwe chamani yakaandikwe. Asiyeweza kuandika na aje kwetu. Kalamu ipo, wala hatutamtoza kitu.